Mungu Asiye na Ghala

Leparua iko katika kaunti ya Isiolo, magharibi mwa mji wa Isiolo, pale ambapo miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya inakwisha na nyika kavu inaanza. Wanaoishi huko na katika nyika jirani ni wafugaji: Wamaasai, Wasamburu, Waturkana, Waborana, Wasomali. Kabla dini za kitabu hazijashika mizizi, Msamburu alimwomba Nkai, ambaye Mmaasai anamwita Enkai. Mturkana alimwomba Akuj. Mborana alimwomba Waaqa. Lugha ya Mborana haina udugu wowote wa karibu na lugha za Wasamburu, Wamaasai au Waturkana, na historia ya jamii hizi imejaa kupokonyana malisho na mifugo. Hata hivyo Mungu wanayemtaja anafanana mno. Yuko juu. Ndiye mwenye mvua. Hana sanamu, hana nyumba, hana mke anayemwonea wivu wala ndugu anayemgombania kiti. Sasa ushuke na maji ya Nile mpaka Misri ya mafirauni, uone kinyume chake: miungu kwa mamia, mmoja ana kichwa cha mwewe, mwingine cha mamba, mwingine cha paka, wanaoana, wanazaa, wanashtakiana, wanauana, na kila mmoja ana mjengo wake, mashamba yake na watumishi wake.

Tofauti hii imezoeleka kuelezwa kwa njia mbili, na sura hii haikubali hata moja. Ya kwanza inasema Misri ilikuwa mbele na wafugaji wakabaki nyuma, kwamba aliye na mahekalu ameendelea na asiye nayo hajafika. Ya pili, ambayo inapendwa na watu wenye nia njema kabisa, inasema kila kitu kilianzia Misri, na kwamba Nkai au Waaqa ni kumbukumbu iliyofifia ya miungu ya mafirauni. Hoja yangu ni kwamba namna ya miungu ya watu hufuata mahali maji yao yanapotoka, na kama mali yao inaweza kuwekwa ghalani na kuhesabiwa na karani. Palipo na ghala, miungu hupata nyumba. Mali ikiwa na miguu, Mungu hubaki juu.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana bila kuingia ndani hatutaelewa mungu wa Misri alikuwa kiumbe wa namna gani. Kila alfajiri kuhani aliyejitakasa alifika kwenye kijichumba cha ndani kabisa cha hekalu, mahali penye giza ambapo raia wa kawaida hakuwahi kutia mguu. Alivunja lakiri ya udongo mlangoni, akavuta komeo, akasujudu. Kisha aliivua sanamu nguo za jana, akaiosha, akaipaka mafuta, akaivika kitani safi, akaifukizia ubani na kuiandalia mikate, bia, nyama ya ng'ombe na bata bukini. Mungu akishakula kwa namna yake, chakula kilipelekwa kwa makuhani nao wakala kwa namna yao. Akitoka, kuhani alifunga upya mlango na kufagia nyayo zake. Hii ndiyo iliyokuwa kazi ya dini Misri: kumtunza mungu kama bwana mkubwa anavyotunzwa nyumbani kwake, ili naye aendelee kuitunza nchi.

Bwana mkubwa huyo alikuwa tajiri. Ipo hati ndefu ya mafunjo iitwayo Harris, iliyoandikwa karne ya 12 KK baada ya kifo cha Ramesses wa Tatu, inayoorodhesha mali za mahekalu. Mungu Amun wa Thebes peke yake anahesabiwa kuwa na watu zaidi ya 80,000, mifugo zaidi ya 420,000, mashua 83, bustani 433 na miji 65. Mfugaji yeyote wa Isiolo angeelewa mara moja maana ya mifugo 420,000, ila angeuliza Mungu anataka ng'ombe wa nini. Katika masimulizi ya Kimaasai ng'ombe wote walitoka mbinguni, wakateremshwa kwa ukanda wa ngozi mpaka mwindaji wa Kidorobo alipoupiga mshale na njia ikakatika. Enkai ndiye anayetoa ng'ombe. Hana zizi, hana chapa ya moto, hana mchungaji wa kuajiriwa. Anachinjiwa, ni kweli, lakini nyama huliwa na watu papo hapo, na hakuna karani anayeandika hesabu.

Kwa nini Amun alihitaji karani? Kwa sababu ya nafaka, na nafaka ilitokana na mto. Kila mwaka, kuanzia katikati ya mwaka, Nile ulifurika, ukalaza matope mashambani, ukarudi mahali pake kabla ya msimu wa kupanda. Katika kisiwa cha Elephantine, kusini kabisa mwa nchi, palikuwa na ngazi za mawe zenye alama za kupimia kimo cha maji. Kimo kilipojulikana, mavuno yaliweza kukadiriwa, na mavuno yakikadirika kodi inapangika kabla mbegu haijaota. Ngano na shayiri hukaa ghalani miaka. Kinachokaa kinalindwa, kinachogawiwa kinahitaji mgawaji, na mgawaji mwenye busara hasemi ni chake: anasema ni cha mungu. Ndiyo maana kila mji mkubwa ulikuwa na mungu wake na ghala lake: Ptah Memphis, Khnum Elephantine, Sobek katika bonde la Fayum, Bastet kule Bubastis. Miji ilipounganishwa chini ya mfalme mmoja hakuna mungu aliyefukuzwa, kwa sababu kumfukuza mungu kulikuwa kufunga ghala na kuwaacha makuhani wake bila riziki. Badala yake waliozeshwa, wakapewa watoto, au wakaunganishwa majina kama Amun alivyounganishwa na Ra. Wingi wa miungu ya Misri, kwa sehemu kubwa, ni kumbukumbu za serikali za mitaa.

Katika umati wote huo kuna pengo moja ambalo wasomaji wengi hawalioni. Mafuriko yalikuwa na mungu wake, Hapy, mwenye tumbo nene na matiti yaliyojaa. Jua lilikuwa na Ra. Tufani ilikuwa ya Seth, mungu wa jangwa na wageni, yule mkorofi aliyemuua ndugu yake Osiris. Lakini mungu mkubwa wa mvua, wa kuombwa mvua iletayo majani, Misri haikuwa naye. Katika utenzi mkuu wa kumsifu Aten, mungu wa jua, wa wakati wa firauni Akhenaten, karne ya 14 KK, mvua inaelezwa kuwa ni Nile nyingine iliyowekwa angani kwa ajili ya mataifa ya kigeni na wanyama wa milimani. Nile ya kweli, ile itokayo chini ya ardhi, ni ya Misri. Miaka karibu 900 baadaye Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliwasikia Wamisri wakiwahurumia Wagiriki kwa kutegemea mvua: siku moja mungu wao atawanyima, nao watakufa njaa. Watu wa Leparua ni mataifa hayo ya kigeni hasa. Na kichekesho cha jambo lenyewe ni kwamba mafuriko ya Nile hayakutoka chini ya ardhi hata kidogo. Yalikuwa mvua ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako leo wanaishi Waoromo, ndugu wa Waborana, na wanaye Waaqa wao.

Mvua ya Isiolo haina ngazi ya kuipimia. Inanyesha bonde hili na kuliruka lile. Inakuja Aprili mwaka huu, mwaka ujao haiji. Asiyehama anakufa na mifugo yake. Katika maisha hayo, mungu mwenye hekalu lisilosogea angekuwa mungu wa kuachwa nyuma kila kiangazi. Kinachohama na mtu siku zote ni anga. Ndiyo maana ibada ya kila siku haikuhitaji jengo: mwanamke wa Kisamburu au wa Kimaasai, akishakamua asubuhi, anachovya na kurusha matone ya maziwa hewani, huku na huku, akiomba. Wazee wakibariki, mmoja anatamka maombi kwa vipande vifupi na wengine, fimbo mkononi, wanaitikia kwa pamoja kwa jina la Nkai kila kipande kinapokwisha. Linganisha na mlango uliotiwa lakiri. Kule mtu mmoja alikwenda kwa mungu kwa niaba ya nchi nzima. Huku kila aliye na maziwa ana njia yake.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote ni wa rangi. Wamisri waliita nchi yao nchi nyeusi, wakaita jangwa nchi nyekundu, na Seth akapewa wekundu kama rangi ya ghasia. Wamaasai nao, kama afisa wa kikoloni Alfred Hollis alivyoandika katika kitabu chake cha mwaka 1905, walimtaja Mungu mweusi aliye mwema na Mungu mwekundu mwenye hasira. Na Mborana humsifu Waaqa kwa weusi. Mtu mwenye haraka atasema hapa hapa pana uthibitisho kwamba imani imetoka Misri. Lakini tazama macho ya kila mmoja yanaelekea wapi. Weusi wa Misri uko chini ya miguu: ni matope yaliyoachwa na mto. Weusi wa Enkai uko juu ya kichwa: ni wingu lililojaa. Rangi ni ileile, baraka ni ileile, ila mmoja anainama kuitafuta na mwingine anainua shingo. Kama wazo lingekuwa limebebwa kutoka Misri, lingebeba na udongo wake.

Hata hivyo wanaosema Misri ndiyo chanzo hawawezi kufukuzwa kwa mfano mmoja, maana nadharia yao ina historia ndefu na sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kikoloni. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1904 kwamba Wamaasai ni Wasemiti wa kale. Charles Seligman, mwaka 1930, alidai kwamba karibu kila kilicho cha maana Afrika kililetwa na watu aliowaita Wahamiti. Nia ilikuwa wazi: Mwafrika asihesabiwe kuwa amebuni lolote. Sura ya pili ni jibu la Mwafrika. Cheikh Anta Diop, kuanzia kitabu chake cha mwaka 1954 mpaka kongamano la UNESCO la Cairo mwaka 1974, alisisitiza kwamba Misri ni ya Waafrika weusi na kwamba bara limeunganika nayo. Diop alikuwa na haki kuurudisha ustaarabu wa Misri Afrika. Lakini wafuasi wake wengine waliligeuza jibu hilo kuwa mti wenye shina moja, Misri, na sisi wote matawi. Kwa kufanya hivyo wamebakiza nusu ya kosa la Seligman: mfugaji wa Isiolo bado haruhusiwi kuwa na wazo lake mwenyewe.

Uhusiano upo, ila unapita njia nyingine. Katika makaburi ya Misri ya wakati wa piramidi kuna michoro ya ng'ombe ambao pembe moja imepindwa makusudi. Waturkana, Wapokot, Wadinka na Wanuer wamekuwa wakizipinda pembe za maksai wao wapendwao hadi nyakati zetu. Fahali Apis, aliyeabudiwa Memphis, alichaguliwa kwa madoa yake, mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Mturkana naye hujipatia jina kutokana na rangi au pembe za maksai wake. Ila Apis alizikwa Saqqara katika majeneza ya mawe ya makumi ya tani, yale ambayo Auguste Mariette aliyafukua kuanzia 1850, na maksai wa Mturkana analiwa. Kitu kilichotangulia wote wawili ni Sahara ilipokuwa na majani. Huko Nabta Playa, magharibi mwa Abu Simbel, watu walizika ng'ombe kwa heshima zaidi ya miaka 2,000 kabla ya firauni wa kwanza. Sahara ilipokauka, baadhi ya wafugaji walisogea Nile na wengine, kizazi hadi kizazi, wakaelekea kusini. Kwa hiyo Misri haikuwa mama wa wafugaji wa Kenya. Mapenzi ya Hathor mwenye pembe za ng'ombe na mapenzi ya Mturkana kwa maksai wake yametoka bomani kulekule, kabla hakujawa na Misri.

Hapa ndipo pia hoja ya maendeleo inapokwama. Karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam North, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga jukwaa kubwa la mawe lenye nguzo kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, yaani katika zama zilezile za Piramidi Kuu ya Giza. Ndani yake, watafiti walieleza mwaka 2018, walizikwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, karibu wote wakiwa na mapambo, shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Hakuna kaburi la mkubwa wao. Kule Giza maelfu walimjengea mmoja. Huku mamia walijijengea wenyewe. Kwa hiyo wafugaji hawakukosa ujuzi wa kuinua mawe wala umoja wa kufanya kazi ya pamoja. Walichokosa, kama kukosa ndilo neno, ni mtu mwenye ghala.

Pingamizi la pili linatoka kwa Okot p'Bitek wa Uganda, na ni gumu zaidi. Mwaka 1970 aliwashambulia wamisionari, na wanatheolojia wa Kiafrika waliowafuata, kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Biblia. Je, huyu Mungu mmoja wa juu ninayemsifu si kazi ya kalamu zao? Kwa sehemu, ndiyo. Nkai wa mahubiri ya leo ni mnyoofu kuliko Enkai wa Hollis, ambaye alikuwa wawili, mwema na mwenye hasira. Na upande wa Waborana wapo waqaallu, viongozi wa ibada, wenye baraka ya kurithiwa na mambo mengi ambayo hayaingii katika neno "mmoja". Lakini hoja yangu haidai umoja. Inadai kukosa nyumba, na hilo wasafiri, maafisa na wamisionari wa mwanzo walilishuhudia wote, mara nyingi kwa dharau: hawa hawana hekalu, basi hawana dini. Mtu anayetaka kukuonyesha kwamba huna kitu ni shahidi mzuri wa kile usichokuwa nacho.

Mwingine atauliza kuhusu mto. Isiolo ina Ewaso Ng'iro. Mbona haukupata mungu wake kama Hapy? Kwa sababu mto huo haukulisha shamba wala kujaza ghala. Wafugaji huufikia kiangazi kikikaza, wananywesha, wananyang'anyana zamu, na mvua ikinyesha wanauacha. Maji yenyewe huishia katika kinamasi cha Lorian bila kufika baharini. Kuwepo kwa maji hakutoshi. Inategemea maji hayo yanamfunga nani mahali gani.

Pingamizi ambalo kweli linaisumbua hoja hii linatoka Sudan Kusini. Wanuer ni wafugaji, Mungu wao yuko juu, na bado mwishoni mwa karne ya 19 nabii Ngundeng Bong aliwaongoza kujenga kilima kikubwa cha udongo kwa heshima ya roho iitwayo Deng, mpaka Waingereza walipokilipua mwaka 1928. Mjengo wa ibada, kwa watu wasio na ghala! Sitaki kujifanya kwamba haupo. Lakini tazama wakati na mtu: uvamizi, magonjwa ya mifugo na watu, koo zilizotawanyika, na kiongozi mmoja anayejaribu kuzikusanya mahali pamoja. Kilima kilikuja pamoja na mkusanyiko na sadaka za ng'ombe zilizoletwa kwake. Kwa hiyo ghala si sharti pekee. Mtu wa kukusanya watu anaweza kutangulia ghala. Ninaukubali upana huo.

Tofauti hizi zinafika mpaka kaburini. Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, yamkini alizaliwa na hofu ya kawaida: mbweha walifukua makaburi mafupi kwenye ukingo wa jangwa. Mmisri akamgeuza mwizi kuwa mlinzi, akaikausha maiti, na kumpa Osiris mizani ya kuupima moyo. Wamaasai wa zamani waliiacha maiti nyikani ichukuliwe na fisi, isipokuwa ya laiboni, kiongozi wa ibada, au mzee mkubwa iliyofunikwa mawe, na habari za hukumu baada ya kifo hazikuwashughulisha sana. Mizani ni chombo cha ghalani. Asiyepima nafaka hafikirii kupimwa moyo.

Kuna njia ya kuijaribu hoja hii bila kurudi kwa mafirauni, kwa kuwa Isiolo imebadilika mbele ya macho ya historia. Askari wa Kisomali waliostaafu baada ya Vita Kuu ya Kwanza walipewa kukaa hapo, maduka yakafuata, kisha ofisi za serikali na misheni. Waborana wengi wa Isiolo wakawa Waislamu katika karne hiyohiyo ya 20. Mtu anaweza kusema basi, nyumba za ibada zimeletwa na imani mpya, si na makazi ya kudumu. Lakini Wasomali walikuwa Waislamu karne nyingi kabla ya mji kuwepo, nao wakihama na ngamia waliswali nyikani bila jengo, imani ikiwa kamili. Imani ni moja, kitabu ni kimoja, na bado nyumba inategemea kama mtu amehama au amekaa. Ramadhani ikimkuta mchungaji malishoni, anasafisha kipande cha mchanga na kuelekea kibla kwa kufuata jua. Akirudi mjini anaingia msikiti wenye kamati, mweka hazina na daftari la michango.